Mtani wa Mgeni Rasmi

Siku hizi neno uzinduzi sitaki hata kulisikia. Nikiona maturubai yanafungwa uwanjani na viti vya plastiki vinapangwa, vile vya mbele vikivishwa vitambaa, nahamia upande wa pili wa barabara. Wenzangu shuleni wanasema nimekuwa mpinga maendeleo. Waache waseme. Wao hawakuwa na chumba Mwembesongo.

Chumba chenyewe kilikuwa ghala kuukuu la ushirika, mabati yametoboka, sakafu imechimbika, popo wamejaa darini. Serikali ya mtaa ilitupa ufunguo baada ya kuisumbua hadi ikatuchoka. Nilikianzisha mimi na fundi baiskeli mmoja wa Mlali, mtu mwenye mikono ya ngoma ambaye kwa bahati mbaya alilazimika kuitumia kuziba pancha. Yeye ni Mluguru wa kuzaliwa. Mimi ni mtu wa kuja. Ajira ya ualimu ndiyo iliyonileta Morogoro, nafundisha Kiswahili sekondari. Tulikuwa tunakutana jioni baada ya kazi, yeye na grisi yake vidoleni, mimi na chaki yangu kwenye sketi. Hakuna aliyetulipa, na wakati ule hatukuona ubaya wake.

Hatukuona ubaya kwa sababu watoto walikuja. Walikuja wale ambao mji umewachoka: wanaolala stendi Msamvu, wanaonusa gundi, wavulana waliokwisha kuonja mahabusu, wasichana waliotolewa shule kwa mimba. Tuliwafundisha ngoma na maigizo. Kusoma tuliwafundisha kwa hila, maana mtu akitaka sehemu kubwa kwenye igizo ilimbidi aisome mwenyewe kwenye karatasi. Nimefundisha darasani miaka mingi na sijawahi kuona watu wakigombania karatasi namna ile.

Kati yao alikuwepo binti mmoja, na habari hii ni yake.

Alilelewa na bibi yake milimani, juu ya Mkuyuni. Alipata mimba akiwa kidato cha pili, akafukuzwa, akajifungua, akamwachia bibi mtoto na kushuka mjini kutafuta kazi. Kazi aliyoipata ilikuwa baa karibu na stendi. Mama mwenye baa alimwekea mshahara wake, kwa maneno yake mwenyewe, asije akauchezea, na ndiye aliyemchagulia ni meza gani akakae na wateja. Hakuwa hata ametimiza miaka kumi na minane. Alikuja chumbani kwetu kwa mara ya kwanza akikimbia mvua, akasimama mlangoni analowa nusu, anaangalia. Fundi akamwambia aingie au atoke, maana alikuwa anaziba mwanga. Akaingia.

Alikuwa na kipaji cha kuchekesha ambacho sijui alikitoa wapi. Aliweza kuwa muuza nyama anayepima huku kidole kinasaidia mzani. Aliweza kuwa kondakta, sheikh, mchungaji, na mama mwenye baa akihesabu chupa. Siku moja niliingia nikakuta chumba kizima kinavunjika mbavu. Alikuwa mimi, akivua miwani taratibu kabla ya kugomba. Sikujua kwamba navua miwani kabla ya kugomba. Tangu siku ile nikigomba naivaa.

Mimi aliniita Madam, kama wanafunzi wote. Fundi, kwake, alikuwa Mjomba. Kwa Waluguru, ambao ukoo huhesabiwa kwa mama, mjomba si neno la kumrushia mtu ovyo, na Fundi alilichukua kwa uzito wake. Siku binti alipougua malaria ni yeye aliyempeleka kupimwa, akamtafutia na uji.

Katika ofisi moja ya mjini alikuwepo afisa aliyeshughulikia mambo yetu. Nataka nimtendee haki. Alikuja kututazama bila kualikwa, akakaa juu ya kreti ya soda, akacheka mpaka akatoa leso. Kisha alifanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kutufanyia: alituingiza kwenye mpango wa fedha wa mji. Mabati yabadilishwe, wanaojitolea wapate nauli, na baadhi ya vijana wetu walipiwe ada chuo cha ufundi. Binti yetu alikuwa wa kwanza kati ya hao, ushonaji. Alimwomba afisa arudie mara mbili, kisha akatoka nje kwenda kulia nyuma ya ghala ambako alidhani hatumsikii.

Kuanzia hapo kila alichofanya alikifanya kwa ajili ya chuo. Alipanga akishaanza atapata chumba na wasichana wawili wa kundi letu, amlete mwanawe kutoka kwa bibi, aachane na baa moja kwa moja. Alianza kupima watu kwa macho barabarani, anakwambia gauni la yule mama limekosewa begani. Mimi, ambaye kwa kawaida siamini ahadi ya mtu yeyote mwenye gari la ofisi, niliamini.

Lakini kwetu jambo haliwi jambo mpaka lizinduliwe. Fedha zilikuwa zimepangwa, ila afisa alituambia zingetoka vizuri zaidi kama mkubwa mmoja angekuja kukizindua chumba na kuwaona vijana kwa macho yake. Tukaanza maandalizi. Risala tuliandika, afisa akaikata. Mafanikio yawe mengi, alisema, changamoto ziwe chache, na shukrani ziwe mwanzo na mwisho. Nikamuuliza kama tumshukuru mgeni kwa mabati ambayo bado yanavuja. Akaniambia, "Mwalimu, naomba usiniharibie." Tukapaka ukuta wa mbele chokaa, ule ambao mgeni angeuona.

Siku ya siku vijana walikaa juani tangu asubuhi, wamevaa kaniki na njuga, wameambiwa wasinywe maji mengi wasije wakatoka kwenda haja mgeni akiwasili. Mgeni alichelewa kama wageni rasmi wanavyochelewa. Alipofika, alikuwa mtu mnene mwenye uso mzuri, mwepesi wa kucheka. Alishika kipaza sauti akasalimia. Kisha akasema yale ambayo wakubwa wote husema wakifika mahali: "Mimi asili yangu Tabora, Mnyamwezi. Kwa hiyo leo niko nyumbani kwa watani zangu Waluguru. Watani, hamjambo?"

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Kwangu mimi ilikuwa salamu tu, pambo la hotuba, na nadhani hata kwake yeye. Lakini nilimwona binti yetu akiinua kichwa.

Yeye utani hakuusikia kwenye hotuba. Aliuona kaburini. Babu yake alipokufa kule milimani, jirani mmoja Mnyamwezi aliruka akaingia kwenye kaburi lililokwisha kuchimbwa, akalala humo, akasema marehemu ni mtumwa wake na hazikwi mpaka alipwe. Bibi, mjane wa siku hiyohiyo, alicheka huku machozi yanamtoka, akafungua pindo la khanga akampa kitu, na ndipo mazishi yakaendelea. Alikuwa ametusimulia hilo mara nyingi. Kwao mtu akikwambia mimi ni mtani wako, halafu ukanyamaza, umemnyima haki yake.

Mgeni akapewa mkasi aende kukata utepe mlangoni. Hapo ndipo binti alipochomoka kwenye kundi la wachezaji. Alivua khanga ya juu, akaitandika kizingitini, akajilaza juu yake kwa raha zake, mkono chini ya kichwa.

"Mtumwa wangu," alimwambia mgeni rasmi kwa sauti ambayo haikuhitaji kipaza sauti, "unakwenda wapi? Babu zako walipita hapa na mizigo kichwani, wakala mihogo yetu wakaondoka bila kulipa. Leo umerudi mwenyewe. Huingii!"

Uwanja mzima ukalipuka. Kina mama wakapiga vigelegele. Mgeni alisimama na mkasi wake, akarudi nyuma hatua moja, kisha akacheka, kicheko cha tumboni hasa.

"Mihogo yenyewe ilikuwa michungu!" akajibu.

"Mliimaliza lakini!"

Akatia mkono mfukoni, akatoa noti, akainama kumpa. Binti akaipokea kwa mikono miwili, akapiga goti, akasema, "Karibu nyumbani, mtani wangu," akaondoa khanga. Mgeni akakata utepe akiwa bado anafuta macho. Noti ile binti aliitia mikononi mwa Fundi saa ileile, ikanunua ngozi ya ngoma.

Mimi nilikuwa nacheka na kila mtu. Fundi alikuwa analia kabisa kwa furaha. Nilipogeuka kumtafuta afisa wetu ili tucheke wote, nilimwona amesimama nyuma ya viti, midomo imemkauka, na pembeni yake mabwana wawili wa msafara wakiongea chinichini bila kucheka. Mgeni alipoondoka, afisa alinijia moja kwa moja.

"Mwalimu, umeniua," akasema.

"Nimekuua vipi? Mtu amefurahi."

"Amemwita mtumwa. Mbele ya watu. Msichana wa baa amemwita mheshimiwa mtumwa, na amemchukulia pesa."

Siku chache baadaye tuliitwa kikao, mimi na Fundi. Tuliwakuta maafisa watatu, wetu akiwa mmojawapo, ameangalia chini. Neno lililotawala lilikuwa nidhamu. Kundi halina nidhamu, vijana hawajaandaliwa, fedha za umma haziwezi kupelekwa mahali ambapo viongozi wanadhalilishwa. Fundi, ambaye alikuwa amevaa shati lake la sikukuu, alieleza utani ni nini. Aliwaeleza watu ambao wote wanaujua, wote wamezika watu wao huku watani wakifanya vituko makaburini. Walimsikiliza kwa adabu iliyonitia hasira kuliko matusi.

"Utani una mahali pake, mzee wangu," akasema mkubwa wao.

"Yeye mwenyewe ndiye aliyeuanza," nikasema. "Alitamka kwa kinywa chake. Na alicheka!"

"Kiongozi hawezi kununa mbele ya wananchi. Unajua alichokisema kwenye gari?"

"Alisema nini?"

Wakatazamana. Hakuna hata mmoja aliyekuwa kwenye gari lile. Hakuna aliyeambiwa kitu. Waliogopa tu kwamba huenda amesema neno, na kwamba neno hilo, kama lipo, siku moja lingeshuka hadi kwao. Kwa hofu ya neno ambalo huenda halikusemwa walitufuta. Nilipaza sauti mle ndani, nikasema mengi, na sijutii hata moja, ila hayakusaidia kitu. Tulipotoka afisa wetu alinifuata kwenye korido. Alisema, "Nina watoto wanasoma, Mwalimu." Nikamwambia hata yule binti ana mtoto. Akarudi ndani.

Fedha zikaenda kwenye mashindano ya mpira: kombe, jezi, na uzinduzi wa mashindano. Sina ugomvi na mpira. Ufunguo wa chumba ulirudishwa serikali ya mtaa kwa sababu ya ukarabati, tulivyoambiwa. Ukarabati haukuja. Leo hii ghala lile wanahifadhi maturubai na viti vya plastiki vya shughuli.

Tulijaribu kuendelea chini ya mti wa mkungu karibu na kituo cha baiskeli cha Fundi. Mvua ikatufukuza, kisha wenye maduka wakalalamikia kelele. Vijana walipungua mmoja mmoja, na ninajua walikokwenda, maana mji huu si mkubwa. Mmoja yuko gerezani, aliiba simu. Wawili nawaona stendi na chupa zao za gundi, wananiamkia "Shikamoo Madam" kwa heshima zote na macho yao hayanioni.

Binti aliendelea kuja hata walipobaki wachache. Wenzake walimwambia wazi kwamba ni mdomo wake uliowafukuza. Mvulana mmoja aliyekuwa naye katika orodha ya chuo, useremala, alimtemea mate miguuni mbele yangu. Nilimshika yule mvulana nikamtikisa, lakini binti alinizuia, akasema mwache Madam, ana haki. Fundi alimwambia tena na tena kwamba hakufanya kosa, kwamba alifanya kama mtu aliyelelewa vizuri. Alimwitikia, "Ndiyo, Mjomba." Hakumwamini.

Chuo kilipokaribia kufunguliwa nilimwita nyumbani. Nilimwambia ada nitalipa mimi. Nilikuwa nimeongea na mume wangu, tumekubaliana, hayakuwa maneno tu. Alikaa ukingoni mwa kochi, amefumbata mikono.

"Nashukuru sana, Madam. Lakini siwezi."

"Huwezi nini?"

"Wenzangu wote wamekosa kwa ajili yangu. Halafu mimi ndiye nikasome?"

Nilimbembeleza. Niligomba pia, na miwani nilivua. Nilimwambia wenye kosa wako maofisini, wamekaa kwenye viti vya kuzunguka. Alinisikiliza yote, akaosha kikombe alichonywea chai, akaniaga vizuri. Wiki iliyofuata nilisikia amerudi baa. Mama mwenye baa, niliambiwa, alimfanya apige magoti kwanza, kwa sababu alipokuwa na matumaini ya chuo alimjibu jeuri.

Sikuacha kumfuata. Nilipita pale mara kwa mara, na kila mara alikuwa na shughuli, au alikuwa ametoka, au alikuwa na mteja. Nilianza kupita mara chache. Mtu huchoka kuaibishwa, hata anayependa.

Ulipita mwaka na zaidi. Walimu wa mkoa tuliitwa kwenye semina kuhusu vijana na maadili, katika ukumbi wenye feni zinazolia. Mgeni rasmi alikuwa yeye, yule wa Tabora. Alikuwa ameongezeka unene kidogo. Alisalimia, akasema yuko kwa watani zake, kisha akaweka hotuba yake pembeni.

"Hapa Morogoro," akasema, "nilikutana na binti mmoja, alinifungia mlango! Alilala kizingitini, akaniita mtumwa wake, akanidai mihogo ya babu zangu!" Akaisimulia yote, khanga, mkasi, mihogo michungu, na aliisimulia vizuri, kwa mapenzi. Ukumbi ulicheka mpaka viti vikagongana. Alisema katika shughuli zote alizowahi kuhudhuria hakuna siku aliyofurahi kama ile. Alisema alipofika nyumbani alimpigia mama yake simu kumsimulia. Alisema huo ndio utamaduni, na kwamba watoto wenye kipaji kile serikali haina budi kuwashika mkono.

Kisha akageukia meza kuu. "Yule binti yuko wapi siku hizi?"

Afisa wetu alikuwepo, meza ya pili. Alisimama, akafunga kifungo cha koti.

"Yupo, Mheshimiwa. Anaendelea vizuri."

"Safi sana. Msalimieni."

Nilikuwa nimekwisha kusimama. Nilinyoosha mkono, nikaanza kusema, lakini mshereheshaji alikuwa ameshika kipaza sauti na makofi yalikuwa bado yanapigwa. Nikatembea kwenda mbele. Kijana wa itifaki alinishika kiwiko kwa upole akaniambia, "Mama, Mheshimiwa ana safari ya Dodoma, maswali yatapokelewa kwa maandishi." Magari yaliondoka huku nimesimama baina ya safu za viti. Nilimfuata afisa nje, nikamuuliza kwa nini amesema vile. Alinitazama kama anayetazama mgonjwa.

"Ulitaka niseme nini, Mwalimu?"

Sikurudi ukumbini. Nilikwenda Msamvu kwa miguu, na njia nzima nilikuwa nalia hadharani kama mtu aliyepata taarifa ya msiba. Baa ilikuwa bado haijachangamka. Alikuwa anapanga chupa kwenye friji, na alipogeuka niliona ana mimba nyingine, kubwa, ya kukaribia. Chini ya jicho alikuwa na alama ambayo sikumuuliza.

"Shikamoo Madam. Karibu."

Nilimwambia palepale nimesimama. Nilimsimulia alichokisema mgeni, neno kwa neno, hata simu aliyompigia mama yake. Alinisikiliza ameshika chupa mkononi.

"Alicheka tena?"

"Alicheka. Ukumbi mzima ulicheka. Alikuulizia."

"Kwa hiyo sikukosea."

"Hukukosea. Si tulikwambia?"

"Mlikuwa mnanihurumia," akasema. "Nilidhani mnanihurumia tu."

Nikamwambia chuo bado kipo. Nikamwambia akishajifungua, hata kama ni mwakani, ada ipo, nitalipa, Mjomba wake ameshaulizia chumba. Nilikuwa naongea haraka, na nilijisikia nikiongea kama afisa. Alitazama tumbo lake, kisha akatazama mlango wa ndani, ambako mama mwenye baa alikuwa ameanza kumwita kwa jina, mara ya kwanza taratibu, mara ya pili kwa ukali. Nilimngojea acheke, au alie, au amwigize yule mama, kama zamani.

"Kaa basi, Madam," akasema. Akachukua kitambaa, akanifutia meza vizuri, akaniuliza nitakunywa nini.